Toa Kumi

Bi Hawa alizikwa Jumanne. Saida alifika Alhamisi kwa basi la kutoka Bujumbura, miguu imevimba, mkononi mfuko wa mchele ulioandikwa kilo tano. Nilipoupokea nilijua mara moja kwamba ni kilo nne na nusu. Sikusema. Mtu mmepoteana naye miaka thelathini na zaidi, huwezi kumpokea kwa mizani. Yeye akanitazama usoni, akautazama mfuko, akasema, "Nne na nusu. Nilijua utapima kwa mkono. Nusu nimempa konda anipe kiti cha mbele." Tukakumbatiana pale mlangoni, tukacheka katikati ya matanga kama watu wasio na adabu, mpaka mama mmoja aliyekuwa akichambua maharage akaacha kuchambua na kutuangalia. Nilitaka kumwambia kwamba tunalia, ila tumeanzia upande mwingine.

Mchana ule Idi, mtoto wa Bi Hawa, alituita chumbani na kutuwekea mbele kopo la biskuti. Mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa na miaka minne na kazi yake ilikuwa kuiba vifungo. Leo ni baba wa watu, ana tumbo, na sauti yake ni ya baba yake kabisa, kiasi kwamba akiongea kutoka chumba cha pili nakaa sawa. Ndani ya kopo kulikuwa na kastabini mbili za kuvaa kidoleni, kipande cha chaki kilicholika kama sabuni, na meta. Meta ndivyo tulivyouita utepe wa kupimia, na meta hii ilikuwa ya kitambaa cha njano kilichogeuka rangi ya chai. Mke wa Idi akaikunjua, akaigeuza, akasema kwa huruma, "Maskini, imekatika. Inaanzia kumi." Mimi na Saida tukajibu kwa pamoja, kwa sauti ya darasani, "Toa kumi!" Yule binti akashtuka.

Kisha tukaanza kuigombania. Nilisema nichukue mimi, kwa sababu nina duka la vitambaa na itakaa mahali pake. Saida akasema achukue yeye, kwa sababu mimi nimebaki Kigali na nimekunywa chai ya Bi Hawa miaka yote hii, yeye hakupata hata kikombe. Nikasema tuikate katikati. Akasema, "Sawa, sha, mwenzangu, lakini nipe mimi nusu ya mwanzo. Wewe utoe themanini." Sikuwahi kushindwa katika biashara na mtu wa Bujumbura, na sikutaka kuanza siku ya matanga. Nikasema tuahirishe mpaka baada ya alasiri. Basi tukakaa, meta katikati yetu juu ya mkeka, na ndipo mwaka ule ukarudi wote.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Ya nyumbani kwetu siyaweki hapa. Inatosha kujua kwamba kila asubuhi nilitoka, na nilikokwenda palikuwa pazuri zaidi. Nilikwenda kwa Mwalimu Athumani, mume wa Bi Hawa, fundi cherehani, Nyamirambo hapa Kigali, katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Urefu wake ulikuwa hatua tisa na upana hatua sita. Nilikipima siku ya kwanza, nikakipima tena siku ya pili, kwa sababu siku ya kwanza nilikuwa nimevaa viatu vya dada yangu. Wasichana tulikuwa sita na cherehani zilikuwa tatu, kwa hiyo kila saa watatu walikanyaga na watatu walitoboa matundu ya vifungo na kuwaonea wivu wenzao. Meza ya kukatia ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, kitasa bado kipo. Pasi ilikuwa ya mkaa, na ilikuwa na tabia zake. Dirisha lilitazama barabara na kinyozi wa ng'ambo, ambaye redio yake ndiyo iliyotupa habari zote, na wateja wake ndio waliozibishia. Vita ilikuwa imeingia mwaka wake wa pili huko kaskazini, vyama vilikuwa vimeota kila kona, na wanaume walikuwa wameanza kuvaa kofia za vyama vyao hata kwenye vipimo vya suruali. Mwalimu alikuwa na msumari nje ya mlango kwa ajili hiyo. "Kofia pale," alisema. "Hata ukitaka suruali tu, pale."

Meta ilikuwa ile ile. Mwanzo wake ulikuwa umelika na kukatika zamani, kabla hatujazaliwa baadhi yetu, na Mwalimu hakukubali kununua nyingine. Nilijaribu kumshawishi kwa kila hoja ninayoijua. Nikamwambia meta mpya sokoni ni bei ya mandazi matatu. Akasema mandazi matatu atayala. Nikamwambia mteja ataona tuna vifaa vibovu. Akasema, "Mteja aangalie suruali." Kwa hiyo kazi ikaenda hivi: Bi Hawa, mke wake, alishika meta kwa wateja wa kike, akaweka mstari wa kumi pale pa kuanzia, Mwalimu alisimama pembeni akasoma namba kama ilivyo, mimi niliandika kwenye daftari kama ilivyosomwa, na siku ya kukata, mezani, yeye mwenyewe alitoa kumi kila namba kabla ya kuchora chaki. Sisi sote sita tulijua. Mtu akitusomea namba yoyote katika dunia tulitoa kumi. Saida aliwahi kutoa kumi hata kwenye umri wa mchumba, akakuta amebaki na mtoto.

Adhuhuri tuliusukuma ule mlango ukutani na kutandika mikeka. Mwalimu alisimama mbele, sisi sita na Bi Hawa nyuma yake. Mara moja mwanzoni mwa mwaka alitufundisha jambo ambalo wengi tulikuwa tumelisikia bila kulisikiliza. Imamu akikosea, alisema, wanaume husema Subhanallah. Wanawake hawasemi neno, hupiga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Mara moja, pasipo hasira. Imamu akisikia anajua, anarudi pale alipopotea, anatimiza, na kabla ya salamu anasujudu mara mbili kwa kusahau kwake. Wote wanasujudu naye, hata aliyekuwa hakukosea. "Halafu?" nikauliza, kwa sababu napenda kujua mwisho wa mkataba. "Halafu imekwisha," akasema. "Tunakula."

Mimi nilihesabu rakaa kwa vidole vya miguu, kimoja kimoja, nikavihesabu tena kurudi. Kwa hiyo siku alipokaa kitako baada ya rakaa ya tatu, kidole changu cha nne kilikuwa bado hakijabonyezwa. Nikangoja mtu mzima apige. Hakuna aliyepiga. Bi Hawa hakuwepo siku hiyo. Nikapiga, na katika kimya kile sauti ilikuwa kama mlango. Mwalimu akanyanyuka, akatimiza ya nne, akasujudu mara mbili, tukasujudu, akatoa salamu. Kisha akatugeukia. "Nani amepiga?" Nikainua mkono nikiwa tayari kukana. "Asante, Zaituni. Na nani mwingine aliona?" Mikono mitano ikapanda polepole, wa mwisho ukiwa wa Saida. Akaitazama yote. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyerudi kutoka safari akakuta hakuna aliyegundua kwamba alikuwa ameondoka. "Basi watano mlitaka niende peke yangu," akasema, akaenda kunawa mikono, tukala sombe ya majani ya muhogo.

Sijui kama mnajua msichana wa miaka kumi na saba anafanya nini akishukuriwa. Mimi nilianza kuwinda makosa. Wiki mbili baadaye alikuja mama mmoja anayefanya kazi ofisini Kacyiru, tuliyemwita Madame kwa sababu alivaa viatu virefu hata kwenye vumbi letu. Alitaka koti na sketi. Mwalimu akampigia hesabu ya kitambaa kichwani, akasema meta tatu. Mimi nilikuwa nyuma nikipepea pasi, nikasema kwa sauti ya kutosha mpaka kwa kinyozi: "Mbili na nusu zinatosha, Mwalimu. Nimehesabu mara mbili." Madame akacheka, akamgeukia. "Eh! Mwanafunzi amempita mwalimu. Basi nipimwe na huyu." Wenzangu wakainamisha vichwa kwenye matundu ya vifungo. Midomo ya Mwalimu ikahesabu. Akasema, "Ni kweli. Mbili na nusu." Mchana ule alichukua sahani yake akaenda kula uani na Idi, akiwa ametugeuzia mgongo, na kwa siku tatu alinisemesha kupitia kwa watu. "Mwambie Zaituni alete chaki." Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Bi Hawa aliniita jikoni. Ulikuwa msimu wa mvua na jiko lilikuwa linatoa moshi kuliko moto. Akanipa sufuria ya ndizi nimenye, akakaa kwenye kigoda, akasema bila kuniangalia, "Siku ile ya swala ulipiga wapi?"

"Mkononi."

"Mkono wa nani?"

"Wangu, mama."

"Na juzi kwa Madame?"

Nikaendelea kumenya. Akaniambia, "Juzi hukupiga mkono wako. Ulipiga uso wake." Kisha akaonja chumvi ya mchuzi, akasema ndizi zangu nimezimenya nene, nimetupa nusu ya chakula pamoja na maganda.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Maneno yale yalikuwa yananifundisha jinsi ya kusema, mimi nikaelewa kwamba nisiseme. Na Mwalimu naye na zile siku tatu zake alikuwa ameniongezea somo hilo hilo bila kukusudia. Nikawa mwanafunzi mpole. Wateja wakanisifu. Leo nikiona binti wa dukani kwangu amekuwa mpole ghafla, namuuliza ameona nini.

Akaja Konsolata. Alikuwa jirani, nyumba ya nne kushuka, binti mkubwa mwenye mwili wake na kicheko chake, na alikuwa anaolewa kanisani baada ya siku kumi na mbili. Mama yake alileta kitambaa kimefungwa kwenye shuka: satini nyeupe, meta tano, iliyoletwa na mjomba kutoka Bujumbura. Njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita. Madukani kwetu satini ya namna ile ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyejua itakuja lini. Mama yake aliikunjua kwa ncha za vidole. "Mwalimu, hii hakuna nyingine," akasema. "Mjomba ameipitisha mpakani amejifunga tumboni. Amefika anatembea kama mjamzito." Tukaigusa mmoja mmoja baada ya kunawa mikono.

Bi Hawa akashika meta. Mwalimu akasoma, "Kifua, mia na sita."

"Mia na sita!" Konsolata akapiga kelele. "Mwalimu, umepima mimi ama umepima ukuta?"

"Usinung'unike," mama yake akasema. "Ulikula mwenyewe."

Msichana akacheka, lakini macho yake yakajaa machozi, na sote tuliona. Mwalimu akajikuna ndevu. "Samahani, binti yangu. Kosa iko kwa hii meta, inaanzia kumi. Kifua ni tisini na sita tu." Na kwa kumwonea huruma, vipimo vyote vilivyofuata akavitoa kumi palepale, kichwani, kabla ya kuvitamka. "Kiuno, themanini na mbili. Nyonga, mia na mbili. Hiyo siwezi kukupunguzia zaidi. Urefu, mia na thelathini na nane." Konsolata akacheka tena, safari hii kicheko kizima. Mimi niliandika: tisini na sita, themanini na mbili, mia na mbili, mia na thelathini na nane. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuandika pembeni kwamba kumi imeshatoka. Sikuandika, kwa sababu nilikuwa mpole.

Siku mbili baadaye, asubuhi, satini ilitandikwa juu ya ule mlango. Mama Konsolata alikuwa amekuja kushuhudia. Alikaa kwenye benchi na kikombe cha chai ya maziwa, akimweleza Bi Hawa kuhusu ukwe, kuhusu ng'ombe, kuhusu shangazi aliyetaka kukaa meza ya mbele. Mwalimu alifungua daftari. Nilishika pindo la kitambaa upande wa pili, Saida alishika kona nyingine. Midomo ya Mwalimu ikasogea kama ilivyosogea siku zote kwa miaka mingi, ikatoa kumi. Akachora chaki. Nikautazama mstari wa kiuno. Nikahesabu. Sabini na mbili. Nikahesabu tena. Akachora urefu: mia na ishirini na nane. Bibi harusi angeonekana vifundo vya miguu kama anavuka mto. Nikamtazama Mwalimu, yeye akitazama chaki. Nikamtazama Mama Konsolata, ambaye alikuwa ameinua kikombe na kusema, "Huyu fundi hakosei, ndiyo maana sikwenda mjini." Nikawaza: akiondoka nitasema. Akienda chooni nitasema. Mwalimu akachukua mkasi. Satini haisemi kama pamba. Inatoa mlio mdogo, kama mtu anayevuta pumzi asisikike. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitambaa, umekufa.

Aliondoka yule mama saa sita. Nikashindwa kusema. Tukaswali adhuhuri, rakaa nne, sahihi. Nikashindwa kula, na Bi Hawa akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Alasiri Mwalimu alisimama tena mbele yetu, akaswalisha rakaa nne, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Ndipo nikainua kiganja na kukipiga juu ya mgongo wa mkono wangu. Akageuka.

"Zimetimia," akasema. "Nne."

"Si swala, Mwalimu," nikasema. "Ni nguo."

Aliinuka bila kuvaa viatu, akaenda ukutani ulipokuwa ule mlango, akakifunua kitambaa, akapima kwa meta, akafungua daftari, akapima tena. Alihesabu mara mbili. Nilijua kwa midomo. Kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani kama mtu mzee, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Kinyozi wa ng'ambo alikuwa amefungulia redio, na mtu fulani ndani yake alikuwa anahutubia kwa uhakika mkubwa. Bi Hawa akaenda akafunga dirisha.

"Uliona lini?" Mwalimu akauliza.

"Kabla ya mkasi."

"Kabla." Alilisema polepole, akalisema tena. "Kabla. Na mkono wako?"

"Mama yake alikuwa hapa, Mwalimu. Nisingeweza kukuaibisha tena."

"Ungenikanyaga mguu," akasema. "Ungeangusha kopo la vifungo. Ungesema, Mwalimu, pasi inaungua, njoo uani. Ningekuja." Nilingoja anifukuze, na nilikuwa nimeshahesabu hatua mpaka mlangoni. Lakini aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ile siku ya Madame ulisema kweli. Vibaya, lakini kweli. Na mimi nikakununia siku tatu kama mtoto. Lile lilikuwa kosa langu, na nyinyi wote mlinitazama tu. Sasa tazama limezaa nini." Akaigusa satini. "Limezaa hili."

Bi Hawa alikuwa ameingia chumba cha ndani. Tulisikia kifuniko cha sanduku. Akarudi na shela yake ya harusi, lesi nyeupe iliyokaa gizani mpaka imekuwa na weupe wa maziwa yaliyodondoshewa tone la chai. Akaiweka mezani, akasema, "Sentimita tano kila ubavu, kumi chini. Itatosha na itabaki." Mwalimu akafungua mdomo. "Usinibishie," akasema Bi Hawa. "Na safari hii pima kwa shubiri."

Niliamini tutashona kimya kimya na kusema ndiyo mtindo mpya. Mimi ningefanya hivyo, na ningemtoza zaidi. Mwalimu alivaa kanzu safi, akakunja satini iliyokatwa na lesi kwenye ile shuka, akaniambia, "Twende." Kwa Mama Konsolata sebuleni palikuwa pamejaa harusi: viti vya kuazima vimepangwa ukutani, ishirini na vitatu, madumu ya pombe ya ndizi chini ya meza, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu ambacho hakikutembea. Mwalimu hakukaa. "Mama," akasema, "nimekosea. Nimetoa kumi mara mbili. Nguo nimeikata ndogo."

Yule mama alimtazama kama hajaelewa, kisha akaelewa. Sitaandika yote aliyosema. Alianza na mjomba na tumbo lake, akaja kwenye mpaka, akaja kwenye fundi wa mjini ambaye alimwacha kwa ajili ya ujirani, na akamalizia na jina la Mwalimu, alilitaja mara nne bila ya neno Mwalimu mbele yake. Mimi nilisimama nyuma ya Mwalimu nikingoja. Nilijua sasa atasema, huyu msichana aliona. Ingekuwa haki. Hakusema. Alisimama mikono imekunjwa kifuani, akasikiliza mpaka yule mama akaishiwa pumzi, akasema, "Ndiyo. Yote ni kweli. Nimeleta njia ya kurekebisha. Ukiikataa nitakwenda Bujumbura mwenyewe kesho, nirudi nimejifunga tumboni."

Konsolata alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akainua lesi, akaiweka kwenye mwanga. "Nitaweza kupumua?" akauliza.

"Utapumua."

"Na kucheza?"

"Na kucheza, na kula."

"Basi, mama, muache mzee," akasema. "Mimi nataka kula."

Tulipopanda kurudi nilimuuliza Mwalimu kwa nini hakunitaja. Alikuwa anahema, barabara yetu ni mlima. "Nani alikuwa imamu?" akaniuliza. Nikasema, wewe. "Basi. Kuulizana nani aliona ni mambo ya chumbani kwetu. Huko nje anasujudu aliye mbele." Tukatembea kidogo. "Halafu?" nikauliza. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Halafu imekwisha. Tunakula."

Konsolata aliolewa na ile nguo. Kama ulijua pa kutazama uliona kwamba weupe ulikuwa wa aina mbili. Na chumbani kwetu tukawekeana desturi: Mwalimu akikosea kazini, aliyeona anapiga kiganja juu ya mgongo wa mkono, mara moja, polepole, bila kuinua kichwa. Yeye anasimamisha mkasi na kuhesabu upya. Wateja walifikiri tuna mbu. Madame wa Kacyiru alitushauri tununue dawa. Baadhi ya siku tulipiga naye akawa hakukosea, tukawa tumekosea sisi, na yeye akapiga wa kwake, tukacheka mpaka kinyozi anauliza ng'ambo kuna nini. Sijawahi tena katika maisha yangu kukaa katika chumba ambamo mtu anaweza kukosea kwa raha vile.

Ya tisini na nne sitayaandika hapa. Yale hayakuwa makosa ya mtu aliyesahau. Yalikusudiwa, na kwa yale hakuna sijida mbili za kuyafunika. Nitatoa hesabu tu. Chumbani tulikuwa wanane, tukimweka Idi tisa. Baadaye nilihesabu, nikahesabu tena kama kawaida yangu, nikapata wanne. Mwalimu hakuwemo. Niliendelea kuhesabu kwa miaka, nikidhani huenda nimeruka mtu.

Haya yote tuliyapitia mimi na Saida juu ya ule mkeka, yeye akikumbuka ndizi na mimi nikikumbuka namba. Nilipofika kwenye chaki na mstari wa kiuno, Saida alinyoosha mkono. Akaichukua meta, akaizungusha kwenye vidole viwili kama alivyokuwa akifanya Mwalimu. "Zai," akasema. "Na mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Sabini na mbili. Nilikuwa nimeshika kona. Niliona kabla ya mkasi." Hakuniinulia macho. "Nilikutazama. Nikasema, kama Zai amenyamaza, anajua anachofanya. Na alasiri uliposema, niliona afadhali ni wewe."

Miaka thelathini na zaidi nilikuwa nimeubeba ule mstari peke yangu. Nilidhani nitakasirika. Nilitafuta hasira, nikaitafuta tena, haikuwepo. Kulikuwa na wasichana wawili wameshika kitambaa kimoja pande mbili, kila mmoja akimngoja mwenzake. Nikamwambia achukue meta. Akakataa. Nikamwambia sibembelezi mara mbili, aichukue kabla sijabadilisha bei. Akaiweka ndani ya nguo yake, kifuani, akalia, na safari hii yule mama wa maharage hakuwa na la kutulaumu.

Alasiri ikaadhiniwa. Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini, ila Idi alibaki na wageni wa mama yake, akasimama mbele yetu katika kile chumba, hatua tisa kwa sita, dirisha lile lile, kinyozi hayupo. Sisi wanawake tukapanga safu nyuma. Akasema Allahu akbar kwa sauti ya baba yake, nami nikakunja mikono kifuani, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, mahali pake. Nikabonyeza kidole cha mguu kwa rakaa ya kwanza. Nikabonyeza cha pili. Bega la Saida lilikuwa linagusa langu, na tuliposimama kwa ya tatu nilihisi kwamba naye amebana pumzi. Tulijua sote wawili tunangoja nini. Ya tatu ikapita, akakaa kidogo baada ya sijida, kidogo tu, na kiganja changu kikanyanyuka chenyewe kutoka gotini, kiasi cha unene wa kitambaa.

Idi akasimama. Akatimiza ya nne, sahihi kabisa, hakupotea popote. Kiganja changu kikarudi chini polepole, bila sauti, na nikahesabu tena vidole vyote, kwenda na kurudi.